Je, Nilikosea Kusikia Wito?

(Mazungumzo ya asubuhi redioni, yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale walioomba kuyasoma)

  Wewe uliye mgonjwa kitandani, na wewe uliyekesha kazini bandarini na sasa wangoja gari la kurudi nyumbani, twawakumbuka.

Leo tunayo barua. Imetoka kwa mzee mmoja akaaye Kibarani, hapa Mombasa, naye ametuomba tusilitaje jina lake. Wengi wenu mwapajua Kibarani. Ni pale mtu atokapo kisiwani kwa njia ya Makupa, kabla ya kupanda kwenda Changamwe. Kwa miaka mingi msafiri aliyeingia Mombasa kwa barabara alilakiwa na harufu ya jaa la Kibarani na moshi wake. Mwaka 2018 jaa lile lilifungwa, kisha udongo ukamwagwa na miti ikapandwa. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa likafunguliwa, na maji yakapita tena mahali palipokuwa pamezibwa kwa tuta. Sisi tulio wapita njia tulimshukuru Mungu kwa usafi ule. Lakini mzee wetu alikuwa akipata chakula chake katika jaa lile. Aliokota vyuma, chupa na plastiki, akauza kwa kilo. Jaa lilipofungwa, riziki yake nayo ilifungwa. Sasa hutafuta kibarua. Siku moja hupata, siku tatu hukosa.

Lakini hakutuandikia habari za njaa. Ametuandikia habari za wito. Asema kwamba alipokuwa kijana aliamini Mungu amemwita kuwaletea jirani zake Neno lake. Tangu siku hizo, kwa zaidi ya miaka 30, ameisoma Biblia kila asubuhi kabla ya jua kutoka, na kila Jumapili jioni amefungua mlango wa chumba chake ili watu waje wasome pamoja naye. Jumapili nyingi huja watu wanne. Jumapili nyingine haji mtu. Na mwaka huu mwanawe mkubwa alimwuliza swali lililomchoma moyo: "Baba, hicho kitabu kimekupa nini?" Mzee asema hakupata jibu. Ndipo akatuuliza sisi: Je, nilikosea kusikia wito?

Mwisho wa barua yake aliongeza kwamba macho yake hayaoni vizuri siku hizi, na kwa hiyo barua ile imeandikwa kwa mkono wa mwanawe yule yule. Tunaomba mlikumbuke neno hilo, kwa maana tutalirudia.

Ndugu wasikilizaji, barua hii tumekaa nayo siku nyingi. Ni rahisi kumwambia mtu, "Vumilia, Mungu yupo," kisha tukafunga kipindi. Tuliona afadhali tumsimulie mzee wetu habari za mtu mwingine aliyeishi si mbali na Kibarani, ambaye angeweza kuandika barua kama hiyo hiyo.

KABURI LA NG'AMBO

Mwaka 1844 alifika Mombasa mmisionari Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Ujerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Uingereza kiitwacho CMS. Alikuja pamoja na mkewe, Rosine. Mji wa Mombasa siku zile ulikuwa ule tunaouita leo Mji wa Kale, pamoja na ngome yake. Mwezi wa Juni Krapf alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa mji, mtu wa dini ya Kiislamu. Tunapofungua Biblia zetu yafaa tukumbuke kwamba hatua zake za kwanza katika lugha yetu zilipigwa kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, ambaye hakumnyima mgeni elimu yake.

Mwezi uliofuata, tarehe 13 Julai, Rosine alikufa kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto wao mchanga wa kike akafa mara baada yake. Walizikwa bara, ng'ambo ya Mji wa Kale, upande wa kaskazini wa maji, na mahali pale pana ukumbusho hata leo. Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba sasa kuna kaburi la mmisionari katika pwani hii, nalo liwe ishara kwao kwamba kazi imeanza. Kisha akairudia kazi yake ya kufasiri.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1846, alikuja mwenzake. Jina lake Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26, mwana wa wakulima wa Gerlingen katika nchi ya Württemberg. Mwezi wa Agosti mwaka ule wote wawili walipanda kwenda Rabai, wakiwa bado wana homa mwilini, wakaanzisha kituo chao kati ya watu wa Rabai. Leo mtu wa Kibarani akishika barabara ya Nairobi mpaka Mazeras, kisha akageuka kulia, atafika Rabai kabla hajachoka. Siku zile iliwapasa kwenda kwa mashua kufuata maji ya mkono wa bahari, kisha kupanda mlima kwa miguu.

Basi, huyu Rebmann ndiye tutakayemfuata asubuhi hii.

ZABURI YA SIKU ILE

Mwaka 1848 Rebmann alifunga safari kwenda Uchaga kupitia Taita. Aliyemwongoza alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za misafara, pamoja na wapagazi wachache. Waliomsimulia baadaye hupenda kutaja kwamba alichukua mwavuli badala ya silaha. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu. Mwanzoni alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake, naye akamjibu kwamba ni baridi. Ndipo Rebmann akafahamu kwamba ile ni theluji. Mlima ule ulikuwa Kilimanjaro.

Yaliyofuata ndiyo tunayotaka myasikie. Katika kumbukumbu zake za safari Rebmann aliandika kwamba siku ile ile aliketi chini ya mti mkubwa akaifungua Biblia yake, akasoma Zaburi ya 111. Hakuitafuta zaburi ya kufaa milima. Alisoma hiyo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa zamu yake, katika kusoma kwake kwa mfuatano, siku kwa siku. Jana yake alikuwa na fungu lake na kesho yake angekuwa na lingine. Zaburi ile husifu matendo makuu ya Bwana. Rebmann aliandika kwamba ilimgusa sana mbele ya mlima ule, hasa mstari wa 6, unaosema juu ya Mungu kuwaonyesha watu wake uwezo wa matendo yake na kuwapa urithi wa mataifa.

Hapa lazima tuseme neno la tahadhari. Miaka 38 baadaye, mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani ziliukata mpaka kupita karibu na mlima ule ule, na nchi ikagawanywa bila wenyewe kuulizwa. Wako watu waliosoma maneno ya urithi katika Biblia wakaona mashamba ya wengine. Rebmann alitazamia watu wamjue Kristo, wala hakuchukua shamba la Mchaga. Walakini sisi sote na tujihadhari. Mtu asomaye Neno ili apate kibali cha yale anayoyataka, huyo hasomi, anajisikiliza mwenyewe. Dawa ya ugonjwa huo ni hiyo hiyo ya kusoma kwa zamu. Usomapo kwa mfuatano, leo Neno litakupendeza, na kesho litakukemea.

MIAKA 29

Labda mtu atasema: huyu alibarikiwa, aliona mlima wenye theluji na zaburi yake kwa siku moja. Basi tusikie yaliyompata baadaye.

Habari za theluji zilipofika Ulaya, mtaalamu mmoja wa London, W. D. Cooley, ambaye hakupata kufika Afrika ya Mashariki, alizikanusha kwa ukali. Mwaka 1849 Rebmann alikwenda tena Uchaga akitaka kupita mpaka Unyamwezi. Huko Machame, Mangi Mamkinga alimchukulia bidhaa zake kidogo kidogo mpaka safari ikavunjika, akarudi pwani mikono mitupu. Habari ya theluji ilithibitishwa katika miaka ya 1861 na 1862, Baron von der Decken alipoufikia mlima na kuupanda kwa sehemu. Hata hivyo kazi ya kwenda bara haikurudi kwa Rebmann.

Mwaka 1853 Krapf aliondoka kwa sababu ya afya yake. Mwenzao wa tatu, Jakob Erhardt, aliondoka mwaka 1855. Rebmann alibaki pamoja na mkewe, Emma. Mtoto wao pekee alikufa akiwa mchanga. Vita vya Wamasai vilipofika upande wa Rabai mwaka 1857, kituo chao kiliharibiwa, nao wakakimbilia Unguja wakakaa huko karibu miaka miwili. Kisha wakarudi Rabai, wakaanza tena. Mwaka 1866 Emma naye alikufa.

Na waumini? Kulikuwa na Mringe, mtu kilema, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyapokea mafundisho. Alibatizwa akiwa karibu na kufa. Kisha akaja Abe Gunja, aliyebatizwa kwa jina la Abraham, pamoja na mwanawe Nyondo, aliyeitwa Isaac. Baada yao walikuja wengine wachache. Mwaka baada ya mwaka Rebmann angeweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono yake. Mzee wetu wa Kibarani ana watu wanne katika chumba chake. Rebmann, ambaye jina lake liko katika vitabu vya jiografia, kwa miaka mingi hakuwa na wengi zaidi.

Alikuwa akifanya nini miaka hiyo yote? Alisoma na kuandika maneno. Alikusanya maneno ya lugha ya Warabai na ya Kiswahili. Mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini, aliyetekwa kutoka nchi za Nyasa na kuletwa pwani, alimfundisha Kinyanja, naye Rebmann akaandika kamusi ya lugha hiyo ingawa yeye mwenyewe hakupata kuiona nchi ya Nyasa. Akafasiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Macho yake yakaendelea kuharibika. Misheni ilipoleta watu wapya, miaka ya 1874 na 1875, walimkuta karibu kipofu kabisa.

Hapo ndipo alipokubali kurudi kwao. Tangu mwaka 1846 mpaka mwaka 1875 ni miaka 29, na katika miaka hiyo hakuwa amerudi kwao Ujerumani hata mara moja. Aliyemshika mkono na kumwongoza katika safari ile ndefu ya bahari alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Rebmann alikufa Korntal, Ujerumani, tarehe 4 Oktoba 1876. Mwaka ule ule Injili yake ya Luka ilichapishwa. Kamusi ya Kinyanja ilitoka mwaka uliofuata, ikiwa imetengenezwa na Krapf.

MATUNDA YA NANI?

Sasa, ndugu msikilizaji, kama ungemwuliza Rebmann siku alipopanda meli, "Kitabu hicho kimekupa nini?", angekujibu nini? Mke yuko kaburini, mtoto yuko kaburini, macho yameondoka, na waumini ni wachache. Kwa hesabu ya sokoni, hiyo ni hasara.

Lakini mwaka ule ule alioondoka, misheni ilianzisha Freretown upande wa Kisauni, kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, na kengele yake ndiyo iliyoliachia jina lake eneo la Kengeleni. Rabai nayo ikawa kimbilio la watoro, yaani watumwa waliowakimbia bwana zao. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni, wengi wao Rabai, walipewa hati za uhuru baada ya bwana zao kulipwa fidia. Fikirini jambo hilo. Mahali ambapo mtu mmoja alikaa na kusoma miaka mingi bila kuona matunda, pakawa mahali mtumwa anapajua kwa jina anapokimbia usiku.

Wala wito haukuwa wa Wazungu peke yao. Mwaka 1864 alikuja Rabai kumsaidia Rebmann kijana mmoja Mwafrika jina lake William Jones. Yeye alikuwa ametekwa utumwani utotoni, akaokolewa, akalelewa na misheni huko India upande wa Bombay, akajifunza kazi ya uhunzi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi, kisha wakafuatana katika safari ya kwenda Uganda. Hannington alitangulia mbele na watu wake, akauawa huko Busoga mwezi wa Oktoba. Jones aliyekuwa amebaki nyuma ndiye aliyekusanya mabaki ya msafara na kuwarudisha pwani. Walipokaribia Rabai, mwezi wa Februari 1886, waliinua bendera ya buluu yenye neno moja jeupe, Ikabodi. Wenye kusoma Biblia Rabai hawakuhitaji kuelezwa. Ni jina katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 4, jina la mtoto aliyezaliwa siku ya msiba, maana yake utukufu umeondoka. Mtu aliyetekwa akiwa mtoto alipata katika Neno la Mungu lugha ya kulilia, na waliompokea wakalia naye kwa lugha hiyo hiyo. Hicho nacho ni kitu ambacho kusoma kwa kila siku humpa mtu. Siku ya furaha atapata maneno ya kusifu, na siku ya msiba hatakosa maneno ya kulia.

KIBARUA CHA LEO

Mzee wetu, twarudi kwako. Unatafuta kibarua kila siku. Neno hilo asili yake ni barua ndogo. Zamani katika pwani yetu mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi kuonyesha kwamba siku ile yumo kazini, naye alilipwa kwa kikaratasi kile. Cha leo kilikuwa cha leo. Hakikutaja habari za mwakani.

Twaona kwamba wito wa Mungu huja kwetu kwa namna hiyo. Sisi twapenda tupewe mkataba wa miaka 30, wenye kuonyesha watu wangapi wataamini, na mwisho wake utakuwaje. Mungu hutupa fungu la leo. Ndivyo alivyowafanyia Waisraeli jangwani, kama tusomavyo katika Kutoka sura ya 16. Waliokota mana ya siku moja, na waliojiwekea akiba kwa kukosa imani waliikuta asubuhi ina mabuu. Yeremia alipoitwa hakuahidiwa wasikilizaji wengi. Katika sura ya 25 mwenyewe asema kwamba kwa miaka 23 alinena nao mapema na daima, wala hawakusikia. Je, Yeremia alikosea kusikia wito? Hakukosea. Wito wake ulikuwa kunena. Kusikia ilikuwa juu yao.

Na kuridhika je? Mtume Paulo awaandikia Wafilipi, sura ya 4, mstari wa 11, kwamba kuwa radhi na hali aliyo nayo ni jambo alilojifunza. Aliandika hayo akiwa kifungoni. Kama alijifunza, basi hakuzaliwa nalo, na kulikuwa na siku ambazo hakulijua. Kwa hiyo usione haya kwamba moyo wako umefadhaika. Mwanafunzi aliye darasani bado hajamaliza masomo yake.

Tusielewe vibaya. Kuridhika si kusema kwamba njaa ni njema. Wala kanisa lisijifiche nyuma ya neno hilo. Yakobo, sura ya 2, awakemea wale wanaomwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani akashibe, wasimpe kitu. Ninyi Wakristo mlio karibu na Kibarani, mnaopita pale kila siku mkifurahia hewa safi, ulizeni waliokuwa wakiishi kwa jaa lile wanakula nini sasa. Kama una kazi ya siku mbili ya kumpa mtu, mpe. Hayo pia ni kuitikia wito.

MAMBO MACHACHE YA KUTENDA

Tungependa kumwachia mzee wetu, na kila anayesikiliza, mashauri manne.

Kwanza, soma kwa mfuatano. Usifungue Biblia popote kama mtu apigaye bao. Chukua kitabu kimoja, uanze mwanzo wake, usome sura au nusu ya sura, na kesho uendelee pale ulipoachia. Kama hujui pa kuanzia, anza na Luka, Injili ile ile Rebmann aliyoifasiri akiwa Rabai. Ina sura 24. Ukisoma moja kila siku, utaimaliza kabla ya mwezi kwisha.

Pili, soma kwa sauti. Nyumba zetu ni ndogo na kuta zake ni nyembamba. Huenda jirani aliye kitandani anasikia, ingawa Jumapili haji.

Tatu, baada ya kusoma tenda jambo moja siku hiyo hiyo. Kama umesoma habari za msamaha, nenda kamwamkie yule mliyenuniana. Neno lisilotendwa hulala kama mana ya jana.

Nne, usihesabu vichwa. Katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 3, Paulo asema mmoja hupanda, mwingine hutia maji, na mwenye kukuza ni Mungu. Hatukuahidi, mzee wetu, kwamba chumba chako kitajaa. Huenda kisijae katika maisha yako. Rebmann hakukiona chake kikijaa. Twakuambia tu kwamba Yule aliyekuita jana asubuhi kwa fungu la jana, ana fungu la kesho tayari.

Na sasa twarudia lile neno tulilowaomba mlikumbuke. Mwanao alikuuliza, "Hicho kitabu kimekupa nini?" Kisha, kwa kuwa macho yako yamefifia, aliketi karibu nawe akaiandika barua hii yote kwa mkono wake, pamoja na swali lake mwenyewe. Angeweza kuliacha, nawe usingejua. Hakuliacha. Sisi hatumjui kijana huyo, lakini twaona kwamba hakulidharau swali lake wala hakumdharau baba yake.

Kijana, kama umeisoma barua ya baba mpaka mwisho, twakuomba jambo moja tu. Kesho asubuhi, kabla hujatoka kwenda kazini, msomee baba sura moja. Hatukuambii uamini kwanza. Msomee kwa kuwa haoni. Isaac Nyondo alimshika mkono mtu kipofu akamvusha bahari, na sisi tunaokumbuka historia ya Rabai hatuwezi kulitaja jina la Rebmann bila kulitaja lake.

Tuombe.

Ee Mungu, Baba yetu, wewe watuita kwa majina yetu na kutupa siku moja moja. Twawaombea wote waliochoka katika wito wao, wale wafundishao watoto wachache, wale wahubirio kwenye viti vitupu, na wale waliosoma Neno lako asubuhi hii wakiwa na njaa. Wape chakula cha leo, na kazi ya leo, na fungu la leo. Utufundishe kuridhika nawe, na usituache turidhike na mateso ya jirani zetu. Umkumbuke mzee wetu wa Kibarani, na mwanawe, na mlango ule ulio wazi kila Jumapili jioni. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.